Tromboni Bila Tarumbeta

Enzi zetu, mtoto alipewa sauti kabla hajapewa viatu. Sizungumzii sauti ya kulia, hiyo kila mtu huja nayo duniani. Nazungumzia sauti ya wimbo. Kwetu Kalemie, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, papa, ndivyo tulivyomwita baba, alikusubiri mpaka meno ya utotoni yameanza kung'oka, halafu anakukalisha juu ya meza kama fundi cherehani anayepima kitambaa, anautazama mdomo wako, anakuambia useme "aaa", kisha anakata shauri. Yaya Dieudonné, yaani kaka yetu mkubwa, ambaye sote tulimwita Dié, alipewa tarumbeta. Mimi, Espérance, nikapewa tromboni. Dada yangu Béatrice akapewa klarineti, na Papy wa mwisho, aliyekuwa na kichwa kikubwa na subira ndogo, akapewa besi. Vyombo vyenyewe havikuwepo. Tulikuwa bendi ya midomo mitupu, na papa alitupigia ngoma kwa kugonga meza.

Ninyi wa rika langu mnaelewa. Vijana wetu hapa Minnesota nikiwaeleza wananitazama kwa huruma, kama vile nimesema tulikuwa tunakula udongo. Kila mmoja ana muziki wake ndani ya masikio yake, vijiti viwili vyeupe visivyo na waya. Ukimuuliza mjukuu, "Unasikiliza nini?" anakujibu, "Nothing, Grandma." Kichwa kinatikisika, mguu unagonga sakafu, na jibu ni nothing. Sisi tulikuwa hatuna kitu, lakini mtaa mzima ulijua tunaimba nini.

Habari hii ilianza na nkambo. Ndivyo tunavyomwita babu kwetu. Nkambo alipiga tarumbeta katika bendi ya reli miaka ya thelathini, wakati Wamarekani ndiyo kwanza wanajifunza kucheza swingi. Bendi ilifundishwa na bruda mmoja Mbelgiji, mtu wa ndevu na hasira, aliyeamini kwamba muziki duniani ni wa aina mbili tu: wa Mungu na wa Vienna. Asubuhi ya Jumapili walipiga nyimbo za misa. Alasiri, wakiwa na makoti meupe na jasho mgongoni, walipiga valsi kwenye veranda ya klabu ya Wazungu, ambako wake wa mainjinia walizunguka taratibu kama vyungu kwenye gurudumu la mfinyanzi. Nkambo aliupenda muziki ule, nisimsingizie. Hadi uzee wake alikuwa akiimba vipande vya valsi akinyoa ndevu, na alinyoa taratibu ili amalize wimbo.

Ila kulikuwa na injinia mmoja kijana aliyekuwa na gramafoni na sanduku la santuri za dansi. Santuri hizo zilitoka Amerika kwa meli hadi Dar, zikapanda treni hadi Kigoma, zikavuka ziwa, na kwa muujiza nusu yake zilifika zikiwa hazijavunjika. Jumamosi jioni injinia alifungua madirisha, akaweka santuri. Wanabendi walikuwa wameshakaa nje, mgongo ukutani, wakijifanya wanasubiri kuitwa kazini. Sasa santuri za zamani mnazijua: ukianza kuufurahia wimbo, umekwisha. Na mwenye gramafoni hakuurudia kwa kuwahurumia watu wa chini ya dirisha. Basi wakabuni utaratibu wao. Waligawana masikio. Wewe shika tarumbeta tu. Wewe tromboni tu. Ukisikia kitu cha mwenzako, kiache kipite. Wimbo ukiisha wanakimbia kila mtu na kipande chake mdomoni, hawasalimiani njiani, mpaka nyuma ya karakana, na hapo wanaunganisha.

Nkambo aliwaambia watoto wake tofauti ya muziki ule na wa bruda, na papa akatuambia sisi. Wa bruda, alisema, unatembea kama mtu anayekwenda kazini. Wa Wamarekani unatembea kama mtu anayerudi na mshahara mfukoni: njia ni ile ile, miguu ni ile ile, lakini mtazame. Sijasikia maelezo mazuri kuliko hayo, na nimeishi Amerika miaka sasa.

Papa alikuwa na tarumbeta la nkambo mpaka fujo za baada ya uhuru. Askari waliingia nyumba kwa nyumba, wakachukua kilichong'aa. Siku moja, mambo yalipotulia, alinipeleka sokoni kununua mafuta ya mawese. Mwanamke aliyeuza alikuwa na faneli kubwa ya shaba, na papa akaikazia macho. Ilikuwa mdomo wa tarumbeta la baba yake, umekatwa kwa msumeno. Nilidhani atapiga kelele. Alinunua mafuta, akatazama yanavyomiminika humo hadi tone la mwisho, akanishika mkono tukarudi nyumbani. Baada ya siku chache akaanza kutupanga juu ya meza, mmoja mmoja, kututazama midomo.

Sheria ya nyumba ilikuwa moja na ilikuwa kali: hakuna kuimba sauti ya mwenzako. Kabisa. Hata chooni. Ukisahau ukaropoka kipande cha tarumbeta, papa alikupiga konzi la utosi na kusema, "Usikule ku sahani ya yaya yako!" Alikuwa na sababu yake. Mtoto anayejua sauti zote, alisema, hawahitaji ndugu zake, na siku mkigombana wimbo hautawarudisha mezani. Kweli tuligombana sana, na kweli tulirudi, maana tromboni peke yake ni kichekesho. Jaribuni: pom, pom-pom, halafu kimya kirefu, halafu pooom. Béatrice alikuwa akinisikiliza nikifanya mazoezi peke yangu nyuma ya nyumba anacheka mpaka anakaa chini.

Nakumbuka jioni zile hadi harufu yake. Mama anatwanga sombe, majani ya muhogo, na mchi wake, bila yeye kukusudia, unafuata meza ya papa. Ndagala zinakaangwa kwa jirani. Papy ana njaa, anaharakisha besi ili tumalize tule, na papa anamrudisha kwa kidole. Shuleni nilikuwa naadhibiwa na masista kwa kuguna wakati wa katekisimu. Sista alidhani ni dharau, kumbe ulikuwa ni wakati wangu wa kuingia. Hata sasa nikikaa kwenye ibada ndefu huwa nasikia mahali pangu pa kuingia pakipita.

Tulikuwa na nyimbo nyingi za santuri, lakini uliokuwa wetu hasa ni mmoja, "Jioni ya Kabalo," kwa jina la stesheni moja ya reli yetu. Huu haukutoka dirishani kwa injinia. Bendi ya nkambo iliutunga yenyewe, na ulikuwa kama mwana wao wa kuzaa. Ulianza na valsi ya polepole, ya Vienna kabisa, bruda mwenyewe angevua kofia. Halafu katikati tarumbeta linashika noti moja, linaiinamisha, linaiinamisha tena, na mkishtuka mko kwenye swingi, mmefika Kabalo, watu wameshuka treni wanacheka. Hapakuwa na mtu aliyeuandika. Hapakuwa na mtu aliyeurekodi. Bruda alirudi kwao, wanabendi wakafa mmoja mmoja, na ukabaki kwenye midomo minne ya nyumba yetu, umegawanywa kama mkate, na aliyeshika sehemu yenye wimbo wenyewe alikuwa Dié.

Sitasimulia vita. Walioiona hawahitaji, na wasioiona hawatosheki. Papy hakufika ufukweni. Béatrice alifika, tukavuka naye, akafa kambini kule upande wa Kigoma, kwa homa ambayo hapa Minneapolis mtoto anapewa dawa anarudi shule Jumatatu. Kambini ndiko nilikofundisha Kiswahili, ndiyo maana naandika hivi kama kitabu. Nikikasirika huwa narudia Kiswahili cha Kalemie, wanangu wanaweza kuwaambieni. Na kambini ndiko Dié alikookoka. Aliokoka kweli, si kwa ajili ya sabuni na sukari kama baadhi yetu. Akaacha bia, akaacha ugomvi, na akaacha dansi. Miaka na miaka tarumbeta halikulia. Nilimwomba siku ya harusi ya binti yake, akanijibu kwamba mdomo wake amemkabidhi Bwana. Nilidhani tuna muda.

Tulipoletwa Amerika, mimi nikawekwa Richfield, karibu na uwanja wa ndege hata vikombe vinatetemeka kabatini, naye Columbia Heights, kaskazini, basi mbili kutoka kwangu. Mimi, mjinga, nilikuja nikiamini kwamba muziki wa nkambo nitaukuta kwao, unalia madirishani. Nikatembea mitaa ya mji nikisikiliza. Niliukuta mahali pamoja tu: nyumba ya wazee nilikofanya kazi ya kuwaogesha na kutandika vitanda. Siku za Ijumaa waliwawekea nyimbo za ujana wao sebuleni. Nilikuwa chumba cha pili nabadilisha shuka, nikasikia santuri ya injinia. Ile ile. Mdomo wangu ukaingia wenyewe, pom, pom-pom, nimeshika mto, na bibi wa kitandani akanitazama akaniuliza kama mimi ni mtu wa Chicago. Nikasema ndiyo, kwa nini nimvunje moyo. Niliporudi nyumbani nililia kwa furaha, nikampigia Dié kumwambia. Akasema, "Espé, weye bado uko na ile bintu?" lakini nilisikia anatabasamu. Zile nyimbo za santuri, basi, Wamarekani wamezihifadhi. Sikuwa na wasiwasi nazo tena. Wasiwasi wangu ulikuwa "Kabalo," ambao hakuna sanduku popote duniani lililouhifadhi.

Mwaka jana koo la Dié likaanza kukwaruza. Alisema ni baridi. Kila kitu hapa tunakisingizia baridi. Alipokubali kwenda kwa daktari ilikuwa saratani, na ilikuwa imekaa vibaya: wangetoa kisanduku chote cha sauti, na kwa hali yake, walisema, hakuna njia nyingine. Angeishi. Angekula. Angepumua kwa tundu shingoni. Kuongea kama zamani, hapana.

Kanisa likaingia katika maombi. Nawashukuru, nasema kwa moyo wote. Walifunga, wakamletea uji, wakashika zamu. Walikuwa wakiomba Mungu auponye ule uvimbe kabla ya kisu. Mimi pia niliomba. Ila mimi ni mtu wa kuomba huku nikifunga milango. Nikanunua simu nzuri, mjukuu akanionyesha pa kubonyeza ili irekodi, nikapanda basi zangu mbili.

Dié alikuwa amekaa jikoni, kitambaa shingoni. Nikamweleza nilichokuja kutafuta. Nilitegemea anikatalie kwa sababu ya wokovu, na nilikuwa nimejiandaa na mistari ya Zaburi yenye matarumbeta ndani yake. Hakuyagusa hayo.

"Kuimba nitakuimbia," akasema. "Bwana anajua roho yangu. Lakini simu yako iko wapi?"

"Iko mu sakosi."

"Leta."

"Yaya, ni nini sasa? Ni dakika kidogo tu."

"Miye nakujua weye tangu ulizaliwa. Leta huku."

Nikaitoa mkobani. Akaichukua, akasimama, akafungua friji, akaiweka kati ya maziwa na sahani ya sombe, akafunga mlango.

"Sikia, Espé," akasema. "Nikiacha sauti yangu mu simu, ni kusema niko naaga. Bantu ba kanisa banafunga juu yangu, banakosa kula juu yangu, na miye najificha nyuma yao nafanya rezerve, naweka akiba? Mungu ataniuliza: Dieudonné, ulikuwa unaomba nini?"

Nikamwambia Mungu si mtoto, hawezi kununa kwa sababu ya simu. Akasema hiyo ni lugha ya mtu asiyeamini. Nikamwambia Mungu huyo huyo aliwapa akili walioitengeneza simu. Akasema, "Unataka niimbe ao unataka tupigane?" Nilitaka yote mawili. Nikakaa.

Nilijiambia: Espérance, ziba mdomo, sikiliza, lishike tarumbeta kwa masikio kama nkambo chini ya dirisha. Mtaniuliza, uliusikia utoto wako wote, inawezekanaje usiujue? Kamuulizeni mtu yeyote aliyeimba sauti ya tatu kwenye kwaya tangu ujana. Mwambieni awaimbie ya kwanza peke yake. Ataanza vizuri, mtapiga makofi, halafu mdomo utageuka taratibu kurudi kwake, na yeye mwenyewe hatajua ameachia wapi. Mimi valsi ya mwanzo naiweza hadi karibu na katikati. Pale noti inapoinamishwa, hapo ndipo ninapozama.

Dié akafumba macho. Akagonga meza, kama papa. Sauti ilikuwa imekwaruzika, imebaki kidogo kama mafuta ya mwisho kwenye chupa, lakini iliingia mahali pake bila kutafuta. Na mimi, niliyepanda basi mbili kwa ajili ya kusikiliza, niliyeapa kunyamaza, nilifika kwenye mahali pangu pa kuingia na nikaingia. Pom. Sikukusudia. Pom-pom. Uso wake ukafunguka. Sikuwa nimeuona uso ule tangu kabla ya vita. Akaongeza mwendo, nikamfuata, tukafika kwenye ile noti, akaiinamisha, akaiinamisha tena, tukapita, tukawa Kabalo, na nilikuwa na furaha nyingi hata sikusikia kitu kingine isipokuwa tromboni yangu mwenyewe. Halafu akakohoa. Akakohoa sana, kitambaa kikawa na damu, mkewe akaja mbio akanitazama vibaya, na ikawa basi.

Nilitoa simu kwenye friji ikiwa baridi kama jiwe. Kwenye basi nilijaribu kuuimba. Valsi ikaja. Nikakaribia katikati, nikasikia pom.

Mungu hakuuondoa ule uvimbe. Wengine kanisani wana maelezo, mimi sina. Kisu kilifanya kazi yake, Dié akaamka, na baada ya wiki kadhaa wakampa kifaa cha kushikilia shingoni. Anakibonyeza, anatembeza midomo, kinamtolea maneno kwa sauti moja tu, isiyopanda wala kushuka, kama nzi ndani ya chupa. Ni msaada mkubwa, sikatai. Mtu anaweza kuagiza chai nacho, anaweza kuwagombeza wajukuu. Hawezi kuimba. Hawezi hata kupiga mluzi, maana pumzi haipiti tena mdomoni. Wimbo wote umo kichwani mwake, mzima, haujapungua hata noti moja, na hauna mlango wa kutokea.

Sikukata tamaa siku ile. Nilikata baadaye, na nawasimulia jinsi ilivyokuwa. Kanisani kwetu kuna Mkenya mmoja, Mutua, nesi, ndiye anayetupigia kinanda. Ana moyo mzuri na majivuno kidogo. Nilimweleza akasema, "Mama, mimi nilisoma piano mpaka grade eight, classical na kila kitu. Hii haiwezi nishinda." Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana akaja Columbia Heights na kinanda chake kwapani, akakiweka kwenye meza ya jikoni. Mpango ulikuwa rahisi: yeye anabonyeza, Dié anakubali au anakataa kwa kichwa.

Valsi nilimpa mimi, na Dié akasahihisha. Ilikwenda vizuri hadi mke wa Dié akaacha vyombo akaja kusimama mlangoni. Kisha tukafika katikati.

"Mzee, ni hii?" Mutua akauliza. Dié akatikisa kichwa kukataa. "Ya juu kidogo? Wacha ni-try hii." Akakataa. "Ama ni hii?" Akasita, akakubali nusu, akakataa.

Tukakaa hapo. Mutua alipopata noti tatu za kufuatana akazipiga, na zilikuwa sahihi, kila mtu alisikia ni sahihi, lakini zilikwenda kazini. Dié akagonga meza kumwonyesha mwendo. Mutua akajaribu kuchelewesha, ikawa kama mtu anayechechemea. Dié akashika kifaa chake.

"Haiko vile," kikasema.

"Basi nionyeshe wewe, mzee. Weka finger hapa."

Dié akasogea. Hajawahi kupiga kinanda maishani mwake. Akanyoosha kidole, akakipitisha juu ya vitufe polepole, akitafuta kwa macho, akakisimamisha. Kilikuwa kwenye ufa, kati ya kitufe na kitufe. Akakibonyeza hapo. Hakikulia chochote.

"Ananionyesha katikati ya hizi mbili," Mutua akaniambia, kwa sauti ya chini, kama ninavyomsikia akiwaambia ndugu wa wagonjwa. "Mama, hapo hakuna kitu."

Dié akabonyeza tena, akaongeza nguvu, ukucha ukawa mweupe. Halafu akainua mkono, akafuata waya kwa macho hadi ukutani, akauchomoa. Mutua alikunja waya, akabeba kinanda chake. Alikuwa na shifti ya jioni, na nadhani hajawahi kufurahi hivyo kwenda kazini.

Baada ya hapo kilibaki kitu kimoja, nami nilikishikilia. Kila Jumamosi nilikwenda nikamwimbia tromboni. Yeye alifumba macho, akagonga meza, na midomo yake ilitembea mahali pa tarumbeta. Wajukuu wake walipita kuelekea kwenye friji. "Auntie Espé, that's not even a song," mmoja akaniambia, wala hakuwa na ubaya. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba ni nusu ya wimbo na nusu nyingine iko kwa babu yake. Alielewa, huwa wanaelewa, akanijibu, "Okay," akaenda na soda yake. Lakini nilijidanganya kwamba humo jikoni wimbo upo. Mimi nautoa wangu, yeye anaujaza wake kwa ndani, na kati yetu "Jioni ya Kabalo" inapigwa, ingawa anayeisikia ni mmoja.

Wiki chache zilizopita nilimaliza kuimba, nikamwona machozi yamefika kidevuni. Akashika kifaa.

"Espé. Usikuye tena na ile wimbo."

Nikamuuliza nimekosea wapi. Akatikisa kichwa.

"Haukukosea. Weye ukiimba, miye nasikia yote. Béa. Papy. Papa na meza yake. Inakuya yote, inajaa. Halafu weye unamaliza, na inabakia mu mwili yangu. Haitoki. Inaniuma kupita ile kisu. Nakuomba, mdogo yangu."

Sauti ya kifaa haijui kuomba. Ilisema "nakuomba" kama inavyosema "funga mlango." Nilimtazama usoni ili nisikie.

Enzi zetu mtu alikuwa haruhusiwi kunyamaza. Ukinyamaza, watatu wanakwama, papa anasimamisha meza, mama anachungulia kutoka jikoni kuuliza nani anaumwa. Siku hizi nyumba ni kubwa, zina joto, kila chumba kina mtu na kila mtu ana muziki wake, na unaweza kunyamaza mwaka mzima bila mtu kukuuliza. Sheria ya papa ilikuwa nzuri kwa watoto wanne wanaokaa chumba kimoja. Hakuwaza vita, hakuwaza Minnesota, hakuwaza kwamba siku moja tutabaki wawili, mmoja na wimbo asioweza kuutoa, mwingine na pom-pom. Mimi simlaumu. Naukumbuka tu mkono wake ulioinuliwa juu ya kichwa changu, na natamani ningekula kwenye ile sahani, nikala, nikala, na konzi zote nikazipokea.

Bado nakwenda kila Jumamosi. Nampelekea uji, mkewe ananipa chai, tunakaa mezani, tunatazama televisheni ya Wamarekani wakishindana kupika. Dié hagongi meza tena, mikono ameiweka mapajani. Kuna wakati unafika, siwezi kuuzuia, kifua kinajaa, ni mahali pangu pa kuingia. Nafunga mdomo, nainua kikombe, naimeza ile pom na chai.